Pua Kuziba Kila Usiku: Nyama za Pua, Kichupa cha Dawa na Habari ya Upasuaji

Leo nimeona tuzungumzie pua. Najua wapo watakaosema, pua nayo ni ugonjwa? Lakini mtu ambaye huu ni mwezi wa sita hajavuta hewa puani usiku anajua ninachosema. Analala mdomo wazi, anaamka koo limekauka, kichwa kizito, mwenzake kahamia sebuleni kwa sababu ya mkoromo, na saa kumi na mbili asubuhi anatakiwa awe kazini. Hapa Uingereza tatizo hili naliona sana kwa watu wetu, na wengi wao wana kitu kimoja mfukoni au chini ya mto: kichupa cha dawa ya kupuliza puani, kilichonunuliwa famasi bila cheti cha daktari. Makala hii kwa kweli ni juu ya kichupa hicho, maana mara nyingi ndicho kinachoifunga pua ambayo mwenyewe anadhani kinamfungulia. Ila ili tuelewane, tuanze na pua yenyewe.

NYAMA ZA PUA NI NINI HASA?

Kwetu neno "nyama za pua" linabeba mambo matatu tofauti, na ndipo mkorogano unapoanzia. Mama akisema mtoto wake ana nyama za pua, mara nyingi anazungumzia adenoidi. Hizo ni tezi zilizo nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, ambazo kwa watoto wadogo huwa kubwa na baadaye hunywea zenyewe, hata akifika ujanani karibu zimekwisha. Mtu mzima akiambiwa ana nyama huenda ni polipu, yaani vijinyama laini vya rangi ya kijivu, mfano wa zabibu iliyomenywa, vinavyoota na kuning'inia ndani ya pua. La tatu, ambalo ndilo letu leo, ni nyama ambazo kila binadamu amezaliwa nazo. Madaktari huziita tabineti.

Kila upande wa pua una tabineti tatu, zimepangana moja juu ya nyingine kama rafu kwenye ukuta wa nje wa pua. Ya chini ndiyo kubwa na ndiyo yenye matatizo. Ndani yake kuna mfupa mwembamba, na juu ya mfupa kuna nyama laini yenye mishipa mingi ya damu inayoweza kujaa na kunywea kama sponji. Kazi yake ni kubwa kuliko tunavyofikiri. Mtu mzima huvuta hewa kiasi cha lita 10,000 kwa siku, na hewa hiyo, hata ikiwa ya baridi ya Januari pale Leeds au ya jangwani pale Muscat, lazima ipashwe joto, itiwe unyevu na ichujwe vumbi kabla haijafika kwenye mapafu. Tabineti ndizo zinazofanya kazi hiyo. Kwa hiyo anayekwambia "hizo nyama zitolewe zote zimalizike" hajui anachokisema, nitarudi huko.

Watu wengi hujimulika puani kwa tochi ya simu mbele ya kioo, wakaona kitu cha mviringo chekundu, wakashtuka kuwa ni uvimbe. Mara nyingi hicho ni kichwa cha tabineti ya chini, na kipo pande zote mbili. Jambo jingine linalotisha watu bure ni pua kuziba upande huu, baada ya saa chache ikahamia upande ule. Hiyo ni kawaida ya mwili. Tabineti hupokezana zamu, upande mmoja ukijaa mwingine unanywea, kila baada ya saa kadhaa. Ukiwa mzima hugundui. Zikishavimba ndipo unaanza kuihisi ile zamu, na ukilala ubavu, upande wa chini ndio unaoziba.

KWA NINI ZINAVIMBA?

Mafua ya kawaida huzivimbisha kwa wiki moja au siku kumi, kisha huisha. Zikibaki zimevimba miezi na miezi, hapo kuna jambo linalozichokoza kila siku. La kwanza ni mzio, au aleji. Wengi huniambia, "Dada, mimi nyumbani sikuwa na aleji yoyote, imekuwaje?" Ni kweli, na si ajabu. Mwili huchukua muda kuvizoea na kuvikataa vitu vya nchi mpya, na wengi huanza kupiga chafya mwaka wa pili, wa tatu au zaidi tangu wafike. Hapa Uingereza chavua ya miti huanza mapema majira ya kuchipua, na ya majani hukamata sana kuanzia katikati ya Mei hadi Julai. Lakini anayeziba pua mwaka mzima, hasa usiku na alfajiri, mimi humshuku kwanza mdudu wa vumbi, asiyeonekana kwa macho, anayeishi kwenye godoro, mto na kapeti. Kisha ukungu mweusi wa kwenye kona za ukuta.

Angalieni nyumba zetu. Chumba kimoja watu wanne, madirisha yamefungwa Oktoba hadi Aprili kwa kuogopa baridi na bili ya gesi, nguo zinakaushwa juu ya redieta, sufuria inachemka, kioo cha dirisha kinatiririka maji. Ukungu utakosaje kuota? Nyinyi wa Ghuba nyumba zenu ni kavu, lakini kiyoyozi kinazungusha hewa ile ile kutwa, na chujio lake halijasafishwa tangu mhamie.

Na udi. Najua hapa nitakaripiwa na mashangazi zangu, lakini lazima niseme. Moshi wa udi na ubani unachokoza pua kama moshi mwingine wowote. Sisemi muache kufukiza nyumba. Fukizeni basi dirisha likiwa wazi, na si chumba anacholala mwenye pua mbovu. Sigara, shisha na ugoro wa kunusa havina utetezi.

Si kila pua iliyovimba ni mzio. Wapo ambao baridi ya ghafla, manukato au pilipili tu vinatosha kuwafunga. Ujauzito huvimbisha tabineti, na hali hiyo kwa kawaida huisha wiki mbili hivi baada ya kujifungua. Baadhi ya dawa za presha hufanya hivyo pia, basi muulize daktari wako, usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako. Na wapo ambao ukuta wa kati wa pua umepinda, ama walizaliwa hivyo ama walipigwa mpira au kuanguka utotoni. Kwa hao tabineti ya upande wenye nafasi hukua ili kuijaza nafasi hiyo, na mtu anaishia kuziba kote kuwili.

SASA TUJE KWENYE KICHUPA

Majina ya dawa nayaandika kama yalivyo kwenye boksi ili muyatambue. Kama kichupa chako kimeandikwa xylometazoline (kwa mfano Otrivine) au oxymetazoline (kwa mfano Afrin ya Marekani), basi nisikilize vizuri. Matone ya ephedrine ambayo watu hubeba kutoka famasi za nyumbani yamo katika jamii hiyo hiyo.

Dawa hizi hubana mishipa ya damu ya tabineti. Ukipuliza, dakika chache tu sponji inakamuliwa na pua inafunguka, unaona kama muujiza. Tatizo linakuja dawa ikiisha nguvu. Ukiitumia siku nyingi mfululizo mishipa inachoka kubanwa, ikiachiwa inajaa kuliko mwanzo. Unapuliza tena. Mwanzo ulikuwa unapuliza asubuhi na jioni, sasa ni kila saa nne, halafu unaamka usiku kupuliza. Mafua yaliyokuleta famasi yalishakwisha zamani. Kinachoziba pua sasa ni dawa yenyewe. Ndiyo sababu boksi la Afrin linasema usizidishe siku 3, na karatasi za hapa Uingereza hutaja siku 5 au 7. Mimi nashika 5, na kwa mtoto chini ya miaka 6 usitumie kabisa.

Jipime mwenyewe. Umeitumia zaidi ya wiki mbili? Ukiisahau nyumbani unarudi njiani kuifuata? Una kimoja kwenye gari, kimoja kazini, kimoja kando ya kitanda? Basi umeshanaswa, na hakuna aibu ndani yake, maana hakuna aliyekueleza pale kaunta. Nimekutana na dereva wa mabasi, mtu mzima wa kutoka pwani, aliyekuwa na mwaka wa nne na kichupa. Alikuwa anakusanya fedha akapasuliwe pua nyumbani wakati wa likizo. Aliacha kichupa kwa utaratibu nitakaoueleza, na wiki ya tatu alikuwa analala mdomo umefungwa. Fedha za upasuaji zikabaki kwenye akaunti.

Kuacha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuacha kwa mkupuo. Ni ya haraka lakini usiku wa mwanzo ni mgumu, siku tatu hadi wiki pua imefunga kama mlango, na wengine inachukua wiki mbili na zaidi. Anza siku za ofu, usianze wiki ya zamu za usiku. Inua kichwa kwa mito miwili. Njia ya pili ni kuacha upande mmoja kwanza: pua ya kulia usiiguse tena, ya kushoto endelea nayo kidogo kidogo ili upate usingizi. Kulia kukishafunguka, baada ya wiki moja au mbili, acha na kushoto. Kwa wengi hii ndiyo inayovumilika. Kwa njia yoyote utakayochagua, anza siku hiyo hiyo dawa ya steroidi ya kupuliza, na suuza pua kwa maji ya chumvi. Bila hivyo wengi hushindwa usiku wa pili.

DAWA YA STEROIDI, NA JINSI YA KUIPULIZA

Neno steroidi linawatisha watu, wanafikiria kuvimba uso na kunenepa. Ya puani ni kiasi kidogo sana na huishia zaidi pale pale puani. Tafuta beclometasone, fluticasone au mometasone. Mtu mzima anaweza kununua famasi, au apewe na GP. Jambo moja muhimu sana: anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir au cobicistat asitumie fluticasone kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu hizo huzuia mwili kuivunja steroidi ikajilimbikiza kwenye damu. Kwa kawaida yeye hupewa beclometasone. Si lazima useme ugonjwa wako mbele ya foleni, mwombe mfamasia chumba cha faragha, anacho. Mwenye presha ya macho, mjamzito na anayenyonyesha nao waulize kwanza.

Dawa hii si kama kile kichupa. Leo ukipuliza hutasikia kitu, kesho hivyo hivyo. Inafanya kazi polepole, na nguvu yake kamili huchukua hadi wiki mbili. Wengi huitupa siku ya nne wakisema ni maji tu. Itumie kila siku, hata siku pua iko wazi, kwa wiki sita angalau, kisha mtathmini na daktari. Mwenye mzio wa chavua ya majani aanze mwanzoni mwa Mei, asingoje macho yavimbe.

Sababu nyingine ya kushindwa ni upulizaji. Penga polepole kwanza. Tikisa chupa. Inamisha kichwa mbele kidogo, kama unayesoma kitabu mapajani, usikirudishe nyuma. Tumia mkono wa kulia kwa pua ya kushoto na mkono wa kushoto kwa pua ya kulia, mdomo wa chupa uelekee nje, upande wa sikio, usilenge ukuta wa kati maana huko ndiko kunakotoa damu. Puliza huku unavuta hewa taratibu. Usivute kwa nguvu kama mtu wa ugoro! Ukiisikia ladha yake kooni, dawa umeimeza, tabineti hazikuipata.

Waislamu huniuliza kila mwaka juu ya Ramadhani. Hukumu ya dawa ya puani waulizeni masheikh wenu, kwani wanatofautiana. Kiafya hakuna shida: fluticasone na mometasone hutumika mara moja kwa siku, basi puliza baada ya kufuturu. Beclometasone ni mara mbili, baada ya kufuturu na wakati wa daku.

MAJI YA CHUMVI NA MAMBO MENGINE YA NYUMBANI

Chemsha maji painti moja, yaache yapoe, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha magadi ya kuokea keki, yaani bicarbonate. Simama kwenye sinki, mimina kidogo kiganjani, vuta kwa pua moja huku unapumua kwa mdomo, yaache yamwagike. Rudia mpaka pua iwe nyepesi, kisha upande wa pili. Yaliyobaki mwaga, kesho tengeneza mengine. Ukitumia dawa, suuza kwanza, puliza baadaye.

Maji yawe yamechemshwa, sisemi kwa kujaza nafasi. Mwaka 2011 huko Louisiana, Marekani, watu wawili walikufa baada ya kusuuza pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba anayepanda puani hadi kwenye ubongo. Ni tukio la nadra mno, lakini kuchemsha ni dakika tano.

Mashuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa nyuzi 60, fungua dirisha robo saa kila asubuhi hata kwenye baridi, nguo zikaushwe bafuni mlango umefungwa na feni inazunguka. Mifuko ya bei kubwa ya kufunika godoro imewasaidia wengine na wengine haikuwasaidia, sitakushauri ukope kwa ajili yake.

Vicks na mikaratusi hukupa ubaridi unaokufanya uhisi pua imefunguka, ingawa tabineti ziko vile vile. Hazidhuru mtu mzima. Kujifukiza kwa beseni la maji ya moto sikupendi kabisa penye watoto. Mabeseni hayo yameunguza wengi.

Vidonge vya mzio, cetirizine au loratadine, vinasaidia chafya, muwasho na makamasi, lakini kuziba havikuwezi sana. Chlorphenamine, ambayo wengi mnaijua kama Piriton, inaleta usingizi, anayeendesha gari au kuinua wagonjwa ajihadhari. Vidonge vya kufungua pua vyenye pseudoephedrine hupandisha presha, na presha ndani ya jamii yetu mnaijua. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilisisitiza kwamba mwenye presha kali au isiyodhibitiwa, na mwenye ugonjwa mkali wa figo, asivitumie. Vile vyenye phenylephrine, jopo la wataalamu wa Marekani mwaka 2023 lilisema vikimezwa havifungui pua, na mwaka 2024 mamlaka yao ikapendekeza viondolewe. Okoa pesa zako.

USINGOJE KATIKA HALI HIZI

Pua inayoziba upande mmoja tu, siku zote upande ule ule, ikaendelea wiki tatu, damu inayojirudia upande mmoja, sikio moja kuziba kwa mtu mzima bila mafua, uvimbe shingoni, ganzi usoni au kuona vitu viwili viwili. Mwambie GP haya waziwazi, na mwambie umetoka Afrika Mashariki, kwa sababu saratani ya nyuma ya pua huonekana kwetu, Kenya hasa, kuliko Ulaya, na daktari wa hapa anaweza asiifikirie. Mtoto anayetoa usaha unaonuka pua moja, shuku kwanza ushanga au harage aliloingiza mwenyewe. Na anayekoroma akakata pumzi, kisha mchana akasinzia kwenye usukani, huyo anahitaji kupimwa usingizi, pua ni sehemu tu ya tatizo lake.

HABARI YA KUPASULIWA

Ukishatumia steroidi vizuri miezi miwili au mitatu, kichupa umeacha, na bado hupumui, hapo mwombe GP akupeleke kwa daktari wa pua, masikio na koo. Huyo atatazama ndani kwa kamera nyembamba. Upasuaji wa siku hizi hupunguza tu tabineti ya chini: huichoma kwa ndani kwa joto la umeme au mawimbi ya redio, au hunyofoa kiasi kidogo chini ya ngozi yake, au husukuma mfupa pembeni. Ukuta uliopinda hunyooshwa siku hiyo hiyo. Wengi hurudi nyumbani jioni ile ile.

Zamani tabineti zilikatwa zote. Baadhi ya waliofanyiwa hivyo walibaki na pua kavu, magaga, harufu mbaya, na la ajabu zaidi, walihisi hawapati hewa ingawa pua iko wazi kabisa. Kwa hiyo ukipanga kufanyiwa nyumbani au India ukiwa likizo, muulize daktari maswali mawili: utapunguza au utaondoa? Na sababu ya kuvimba umeitibu? Maana nyama iliyopunguzwa huku mzio unaendelea inaweza kuvimba tena baada ya miaka michache.

Hesabu pia siku zako. Pua hujaa magaga wiki mbili tatu baada ya upasuaji, inahitaji kusuuzwa kila siku, hutakiwi kupenga kwa nguvu wala kubeba mizigo mizito wiki mbili za mwanzo, na damu inaweza kutoka ghafla hata siku ya saba au ya kumi. Usikate tiketi ya kurudi siku ya tano.